Saa Yake ya Jumatano

Waombolezaji wenzetu, tunaomba walio nyuma wasogee karibu kidogo, na wanaonong'ona wamalizie, kwa sababu haya tunayotaka kuwasomea ndiyo hayo hayo yanayonong'onwa. Tangu msiba huu ulipoanza familia imesikia maneno yakipita kati ya viti, kwamba marehemu alikuwa na chumba mjini ambacho mumewe hakuwahi kukanyaga, kwamba alikwenda humo kila wiki kwa zaidi ya miaka thelathini na minne, na kwamba huenda leo yumo miongoni mwetu bwana fulani ambaye machozi yake yanazidi ya wenye msiba. Mume wa marehemu ametuagiza tusiruke chochote, tusome jambo moja baada ya jingine, polepole, ili mke wake azikwe jina lake likiwa safi, na atakayebaki na shaka baada ya hapo awe amebaki nayo kwa kupenda kwake.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba aliyekuwa fundi mitambo na mama aliyekuwa mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa, ambamo mtu akipiga chafya huku anaambiwa pole kule. Alianza darasa la kwanza Januari 1962 katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda, akahitimu mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Desemba 1972, na ripoti yake ya mwisho, ambayo familia bado inayo, ina maandishi ya mwalimu wa darasa yasemayo, "Sauti safi, masikio makali, anasikia hata yasiyomhusu." Huenda mwalimu alikuwa anamkaripia, lakini chuo cha simu kilichomchukua mwaka uliofuata kililisoma neno hilo kama sifa, kikamfundisha miezi tisa, na kikamkabidhi cheti tarehe 30 Novemba 1973.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa kuwa opareta wa simu katika hospitali kubwa, akafanya kazi humo kwa miaka arobaini na miezi saba, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2015. Kwa vijana ambao hamkuiona kazi hiyo, opareta alikaa chini ya ngazi katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya ubao wenye matundu mia moja na ishirini, kila tundu ni wodi au ofisi, na mtu akipiga simu kutoka nje opareta aliuliza anamtaka nani, kisha akachomeka waya kwenye tundu la huko. Palikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni kiapo, kwamba unayoyasikia humo hutoki nayo. Ya pili ni kwamba zamu ikiisha, opareta anayetoka anachomoa waya zote, hata ambazo hazina mtu, na anayeingia hakalii kiti mpaka aone kwa macho yake ubao ukiwa mtupu. Marehemu aliishika kazi hiyo vizuri kiasi kwamba mtaani hakuitwa kwa jina lake, aliitwa Bi Halo, na wanawe wakaitwa watoto wa Bi Halo, na hadi leo wapo majirani wasiojua jina lake jingine.

Mume wake alimpata kwa njia hiyo hiyo ya simu. Alikuwa kijana, mkaguzi wa tiketi kwenye treni, maarufu kwa jina la Toboa kwa sababu ya koleo lake la kutobolea tiketi, na mwenzake wa kazini alipolazwa mwaka 1976 akawa anapiga simu kila siku kumjulia hali. Siku ya kumi na moja marehemu akamwambia, "Kaka, mgonjwa wako aliruhusiwa Jumatatu. Sasa hizi siku tatu unampigia nani?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu, kifungua mimba wa kike aliyezaliwa Mei 1979 ambaye leo ni muuguzi, wa pili wa kiume Oktoba 1982, ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba wa kike Januari 1986, ambaye anafundisha hesabu. Hao watatu wamemzalia marehemu wajukuu watano.

Sasa tufike kwenye hilo mnalolingoja. Kuanzia Jumatano, tarehe 16 Agosti 1989, marehemu aliacha kurudi nyumbani moja kwa moja baada ya zamu yake ya asubuhi ya kila Jumatano. Watu wengine walitoka hospitalini saa tisa wakaenda zao, yeye akakata kushoto penye duka la viatu, akapita ofisi ya posta, akaingia mlango wa pembeni wa duka la nyuzi na vifungo, akapanda ngazi, na tangu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni hakuonekana. Kisha alishuka, akanunua mkate, akarudi nyumbani akiwa na uso ambao mume wake aliueleza kwa dada yake kwa neno moja, "Mweupe." Na dada yake, ambaye amekaa hapa mbele na ameridhia tuseme, alimjibu, "Kaka, saa nzima? Mimi hata kusuka nywele situmii saa nzima kila wiki. Fungua macho."

Hakuna mtu anayefungua macho kama mkaguzi wa tiketi. Kazi ya mzee wetu ilikuwa kuingia kwenye behewa na kujua, kabla ya mtu yeyote kusema neno, ni nani amelala kweli na ni nani anajifanya amelala, na ujuzi huo aliuleta nyumbani. Alikagua vumbi la viatu vya marehemu, akanusa gauni lililovuliwa, akawauliza watoto kama mama huimba akirudi, akalinganisha mkate wa Jumatano na wa siku nyingine. Halafu akaamua kuuliza, mezani, watoto wakiwepo, na kifungua mimba anayakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno.

"Mama watoto, Jumatano unakwenda wapi?"

"Kukaa."

"Kwani hapa viti vimeisha?"

"Viti vipo, baba. Kukaa ndiko hakuna."

"Unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu mzima, na akili zake, anakaa peke yake saa nzima afanye nini?"

"Ajiulize."

"Ajiulize nini?"

"Hilo nalijua nikishakaa," alisema marehemu, akampakulia wa pili, na mzee akaona wazi kwamba mtu anayejibu haraka namna hiyo amejiandaa.

Si nyumbani tu walikomshuku. Mwanzoni mwa mwaka 1990 habari za wagonjwa zilianza kuvuja kutoka hospitalini kwenda mitaani, na mkuu wa utawala, aliposikia kwamba opareta wake ana safari isiyojulikana kila wiki, alimwita ofisini tarehe 5 Februari, akamuuliza Jumatano huwa anayapeleka wapi maneno ya watu. Marehemu alimjibu, "Bosi, siyapeleki, nakwenda kuyaacha," jibu ambalo lilimletea barua ya onyo. Miezi minane baadaye iligundulika kwamba habari zilikuwa zikitoka kwenye pipa la karatasi lililokuwa likimwagwa nje bila kuchanwa, onyo likaondolewa kwenye faili lake, ila hakuna aliyemwambia samahani, na wapo waliosema kwamba huyu mama ni hodari hata wa kusingizia pipa.

Jumatano, tarehe 12 Mei 1993, mzee alijitoa kazini kwa kisingizio cha jino, akavua kofia ya sare akaitia mfukoni, akamfuata mkewe kutoka lango la hospitali hadi duka la nyuzi, akasimama upande wa pili wa barabara nyuma ya ubao wa matangazo. Alimwona akipanda. Akangoja aone nani mwingine atapanda, na hakupanda mtu, ndipo akafikia uamuzi ambao kwa kazi yake ulikuwa wa kawaida kabisa, kwamba huyo mwanamume alikuwa ameshatangulia. Alivuka barabara, akamkuta mwenye duka, ambaye wote tulimwita Mama Nyuzi, akipanga vifungo, akamuuliza huyo mama aliyepanda juu ana nani huko. Mama Nyuzi akamtazama juu na chini akasema, "Ana kiti."

Mzee alipanda ngazi kwa ncha za vidole, akaweka sikio mlangoni, na hakusikia kitu, wala kikohozi, wala kicheko, wala kiti kusogezwa. Angesikia sauti ya mtu angegonga, na pengine mambo yangeisha siku hiyo. Lakini ukimya ulimtisha zaidi, kwa sababu alijua kwamba abiria mwenye kosa ndiye asiyetikisika, na akashuka akiwa na hakika ya jambo ambalo hakuliona wala kulisikia.

Hakuuliza tena. Alichofanya ni kuomba kuhamishiwa njia ndefu, ile treni iliyoondoka Jumanne na kurudi Ijumaa, ili Jumatano isimkute nyumbani, na alikaa kwenye njia hiyo tangu Januari 1994 hadi Juni 2003. Ametuagiza tuitaje miaka hiyo bila kuificha. Njia ndefu ilipoanza kitinda mimba alikuwa na miaka minane, ilipokwisha alikuwa na kumi na saba, na baba yake, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anamfahamu kama mtu anavyofahamu stesheni anayopita bila kushuka.

Marehemu alistaafu mwaka 2015, na wengi walidhani mambo ya Jumatano yamestaafu naye, lakini aliendelea, sasa akitoka nyumbani kabisa, amevaa vizuri, jambo ambalo halikusaidia. Novemba 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapimwa, akaambiwa moyo umetanuka. Alitumia dawa, akapata nafuu, akapanda ngazi za Mama Nyuzi akipumzika mara moja, kisha mara mbili, kisha mara nne, na Januari 2024 alifika ngazi ya tatu akarudi. Alimwita mume wake, akampa ufunguo, akamwambia, "Mrudishie binti wa Mama Nyuzi, umwambie nimeshukuru."

Mzee hakuurudisha. Aliuweka kwenye mfuko wa shati na akawaza kama ifuatavyo. Bwana yule hajui kwamba mama anaumwa. Hana namna ya kuambiwa, kwa maana hapa nyumbani hajapiga simu wala kuja. Kwa hiyo Jumatano atakuja kama kawaida, na safari hii atamkuta mwenye mke.

Jumatano, tarehe 7 Februari 2024, saa tisa na dakika arobaini, akiwa na umri wa miaka sabini na moja na fimbo mkononi, alifungua mlango ule kwa mara ya kwanza. Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, chenye kiti kimoja cha mbao, msumari mmoja ukutani wa kutundikia mkoba, na dirisha linalotazama bati la jirani. Alikikagua. Alipapasa chini ya kiti, akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akagonga ukuta kusikiliza kama kuna mahali patupu, na alipokosa hata kipande cha karatasi alizidi kushuku, kwa kuwa chumba hakiwi safi hivyo bila mtu kufuta nyayo. Akakigeuza kiti kikaelekea mlangoni, akakaa na fimbo mapajani. Hakuja mtu. Tarehe 14 alirudi, hakuja mtu, akaamua kwamba bwana ameonywa. Tarehe 21 alichukua gazeti, akalisoma lote hadi matangazo ya vifo, likaisha ikiwa saa kumi na dakika ishirini, na kwa dakika arobaini zilizobaki hakuwa na kitu cha kutazama ila mlango uliofungwa na bati la jirani, wala kitu cha kusikiliza ila cherehani ya chini, ikienda, ikisita, ikienda.

Alituambia kwamba hapo ndipo yalipoanza kuja, bila kuitwa. Alimkumbuka mama mmoja aliyemshusha kwenye treni mwaka 1984 katika stesheni isiyo na kivuli, kwa kukosa tiketi, na treni ilipoanza kuondoka akaiona tiketi iko mdomoni mwa mtoto wake mchanga, inatafunwa. Hakuwahi kumwambia mtu habari hiyo, wala kujiambia. Akakumbuka maswali aliyowauliza watoto wake kuhusu nyimbo za mama yao. Akaikumbuka miaka ya njia ndefu, mmoja mmoja, akajiuliza hasa alikuwa amemkimbia nani. Tarehe 28 Februari alikwenda tena, na ilipogonga saa kumi na moja aligundua mambo mawili, kwamba mashavu yake yamelowa, na kwamba kiti alikuwa amekigeuzia dirishani bila kukumbuka amekigeuza saa ngapi.

Alirudi nyumbani akamkuta mkewe ameegemea mito.

"Ufunguo uliurudisha?" aliuliza marehemu.

"Bado. Nilikwenda kumvizia."

"Nani?"

"Bwana wako."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Marehemu alicheka hadi kifungua mimba akaja mbio na glasi ya maji akidhani amezidiwa, na alipopata pumzi alisema, "Maskini baba watoto. Miaka yote hiyo, si ungegonga tu?" Na mzee, ambaye abiria wa miaka thelathini hawakuwahi kumsikia akiomba radhi, aliketi chini sakafuni, akaomba radhi.

Ndipo marehemu alipomweleza, akisema kwamba hospitali ilikwishatupa ule ubao na kiapo nacho kimezeeka. Jumanne, tarehe 8 Agosti 1989, mwenzake wa zamu ya mchana aliugua, marehemu akaombwa aunganishe zamu mbili. Kwa kuwa hakuna aliyetoka na hakuna aliyeingia, hakuna aliyesafisha ubao, na waya mmoja wa asubuhi ukabaki umechomekwa kwenye tundu la chumba cha maiti. Jioni akapiga simu mwanamume aliyekuwa anauliza habari za mkewe aliyeletwa kujifungua, na marehemu, kichwa chake kimejaa sauti za watu mia mbili tangu alfajiri, akaunganisha simu kwenye waya uliokuwa tayari. Mhudumu wa kule alisikia jina la ukoo, akaona analo linalofanana, akasema, "Njoo na shuka." Yule bwana akaja na shuka. Alikaa nalo kwenye benchi dakika arobaini, huku ghorofa ya pili mke wake ananyonyesha mtoto wa kiume.

Ukweli ulipojulikana marehemu alimfuata benchini kumwomba msamaha. Yule bwana hakumfokea. Alimwambia, "Mama, mimi sina neno nawe. Nataka kujua tu, ulikuwa unawaza nini?" Na marehemu alitafuta jibu, akaona hana, kwamba katika kichwa chake chote siku ile yalikuwamo maneno ya kila mtu na lake halikuwamo hata moja. Juma lililofuata alikwenda kwa Mama Nyuzi kutafuta mahali pa kukaa, mara moja kwa wiki, ayatoe yaliyoingia, na ajiulize swali la yule bwana mpaka apate la kujibu.

Mzee alimuuliza kwa nini hakumwambia siku ile alipomuuliza mezani, hata kwa kuficha majina. Marehemu akasema, "Ulikuja kama mkaguzi. Ningekupa tiketi, ungeitoboa."

Kiti kilihamishiwa nyumbani Machi, na kila Jumatano saa kumi walikaa, yeye kwenye kiti karibu na dirisha na mzee ukingoni mwa kitanda, bila kusema. Juma la kwanza kitinda mimba aliwakuta hivyo akatoka kuwaita wenzake, "Jamani njooni, wazazi wamenuniana," na ilichukua majuma mawili kuwashawishi watoto kwamba hakuna ugomvi, maana shaka katika nyumba hii ilikuwa imeshawaingia hata wao.

Tarehe 3 Juni 2024 hali yake ilibadilika, akalazwa wodi ya pili katika hospitali ile ile aliyoitumikia, na Ijumaa, tarehe 14 Juni, saa mbili asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa na miezi mitatu kamili.

Familia inawashukuru madaktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya pili waliomhudumia usiku na mchana, maopareta wenzake wa zamani waliokuja kumsalimia na kumchekesha, majirani waliotuletea maji, viti na turubai, watumishi wa reli waliofanya kazi na mzee, na binti wa Mama Nyuzi, aliyefunga duka leo ili awepo. Mkuu wa utawala wa wakati ule, ambaye sasa ni mzee mwenzetu, alikuja jana nyumbani, akasimama mbele ya picha ya marehemu, akasema samahani, nasi tumeipokea kwa niaba yake. Wifi yake naye ameomba tuseme kwamba alikosea, na kwamba anajua amechelewa.

Mume wake hana hotuba. Ametuomba tu tuwaambie kwamba alichunguza mwenyewe, kwa bidii yote ya kazi yake, akiwa na kila sababu ya kutaka kumkuta mtu, na mtu hakuwepo.

Mama yetu, umemaliza. Pumzika kwa amani, na safari hii hatukuulizi chochote.